Kuomba muda zaidi wa kufaili kodi Marekani: fomu 4868 bila presha

Kila ikikaribia Aprili 15 ni yale yale, W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi uliyokatwa) ya kazi ya pili haijafika, aliyekufailia mwaka jana hapokei simu, 1099 (karatasi ya mapato yasiyo ya mshahara) ina hesabu usizozielewa, halafu mtu anakaa usiku wa mwisho anajaza ritani (fomu ya kodi ya mwaka mzima) kwa kubahatisha ili mradi tu imeenda. Haina haja kabisa. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanakupa miezi 6 ya nyongeza, mpaka Oktoba 15, na hawakuulizi kwa nini, fomu yenyewe haina hata nafasi ya kuandika sababu. Inaitwa fomu 4868, ni kikaratasi cha nusu ukurasa chenye mistari 9, na ukishaituma kwa wakati umepata, hakuna wa kukaa mezani kujadili kama unastahili. (Tarehe 15 ikiangukia wikendi au sikukuu inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata, Aprili na Oktoba vile vile.)

Sasa hapa soma taratibu maana ndipo wengi wanapoumia. Muda unaoongezewa ni wa karatasi, hela haijaongezewa hata siku moja. Kodi unayodaiwa inatakiwa iwe imeshafika kwao Aprili 15 hata kama ritani yenyewe utaituma Oktoba. Mtu anajaza 4868, anapumua, anasahau mambo ya kodi mpaka vuli, halafu anapata barua ya faini na riba anaanza kulalamika kwamba si nilipewa muda. Ulipewa, ila wa kuandika, wa kulipa hukupewa.

Faini zenyewe ziko mbili na watu huwa wanazichanganya. Ya kuchelewa kufaili ni asilimia 5 ya kodi ambayo hujalipa kwa kila mwezi, na mwezi ukiingia hata siku moja unahesabiwa mzima, inapanda hivyo mpaka asilimia 25. Ya kuchelewa kulipa ni ndogo, asilimia 0.5 kwa mwezi, nayo mwisho wake ni asilimia 25. Zikikukuta zote mbili mwezi mmoja, ile ya kufaili inashushwa iwe 4.5 ili jumla ibaki 5. Na juu ya hapo kuna riba inayohesabiwa kila siku. Halafu kuna mtego wa siku 60 ambao ndio mbaya kuliko vyote: ukichelewa kufaili zaidi ya siku 60 kuna kiwango cha chini cha faini, kwa ritani zilizotakiwa mwaka 2025 kilikuwa dola 510, au kodi yako yote unayodaiwa kama ni ndogo kuliko hapo.

Tuiweke kwenye namba ieleweke. Chukua mtu anayefanya kazi nyumba ya wazee, pale anakatwa kodi kwenye mshahara, na wikendi anaendesha Uber ambako hakuna anayemkata kitu. Anakadiria kodi yake yote ya mwaka ni dola 6,200, mwajiri ameshakata 4,900, kwa hiyo anadaiwa 1,300. Akikaa kimya bila kuomba muda akaja kufaili na kulipa Juni 10, hiyo ni miezi miwili, asilimia 10, dola 130 zimeondoka hivi hivi na riba juu yake. Akijivuta mpaka Julai ameshapita siku 60, sasa ile ya kuchelewa kufaili peke yake imeruka mpaka kwenye kile kiwango cha chini, dola 510 kwa hesabu za 2025. Mtu huyo huyo angetuma 4868 kabla ya Aprili 15, hata bila kulipa senti tano, angekuwa anadaiwa asilimia 0.5 tu, yaani dola 6 na senti 50 kwa mwezi pamoja na riba. Ona tofauti. Ndio maana nasema hata kama mfukoni hakuna kitu kabisa, fomu itume, kukosa hela sio sababu ya kutoomba muda na fomu inakubalika hata kama hujalipa chochote.

Kuna na kanuni moja nzuri ambayo watu wengi hawaijui. Ukishalipa angalau asilimia 90 ya kodi yako ya mwaka ifikapo Aprili 15, ukihesabu yale uliyokatwa kazini na uliyolipa na 4868, halafu kilichobaki ukakilipa siku unayotuma ritani ndani ya muda wa nyongeza, ile faini ya kuchelewa kulipa haikugusi, inabaki riba tu. Kwa mtu wetu wa Uber asilimia 90 ya 6,200 ni 5,580, ameshakatwa 4,900, kwa hiyo akituma dola 680 Aprili amejiweka salama, zile 620 zinaweza kusubiri mpaka afaili. Akiweza kutuma zote 1,300 bora zaidi, na akituma zaidi ya anachodaiwa atarudishiwa.

Kwa hiyo kazi halisi ya kuomba muda ni kukadiria, mengine yote ni jina na anwani. Na hapa usiandike namba ya kutunga, maelekezo ya fomu yanasema wazi kwamba makadirio yakionekana baadaye hayakuwa ya maana muda wako unafutwa kama vile hukuomba. Sio lazima yawe sahihi kwa senti, yawe tu yametoka kwenye taarifa ulizo nazo. Anza na slipu ya mshahara ya mwisho wa Desemba, ile ina jumla ya mwaka mzima ya ulicholipwa na kodi ya serikali kuu uliyokatwa, kwa hiyo hata kama W-2 imepotelea posta namba unazo. Kama una kazi mbili chukua slipu mbili. Kwa mapato ya 1099 chukua ulichoingiza utoe gharama zako, kama ni gari IRS wana kiwango cha kwa maili, kwa 2025 ni senti 70 kwa kila maili ya biashara, na usisahau kwamba aliyejiajiri analipa pia ile kodi ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee) ya karibu asilimia 15.3, hii ndiyo inayowashtua madereva kila mwaka maana wanakadiria kodi ya mapato peke yake wanaiacha hii nje. Kama maisha yako hayajabadilika sana fungua ritani ya mwaka jana uilinganishe. Kuna programu za kodi ambazo unaingiza namba zako bila kutuma chochote zinakuonesha jumla, tumia hizo, sio lazima upige hesabu kwa mkono.

Ukishapata makadirio kujaza ni dakika chache. Sehemu ya juu ni jina, anwani na namba ya Social Security, na kama mnafaili pamoja na mwenza wako basi majina na namba zote mbili kwa mpangilio ule ule mtakaotumia kwenye ritani. Asiye na Social mwenye ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social) anaweka ITIN pale pale. Na ambaye hana hata ITIN, anategemea kuiomba pamoja na ritani yake, anaandika maneno ITIN TO BE REQUESTED sehemu ya namba. Chini yake sasa, mstari wa 4 ni kodi yako yote ya mwaka uliyoikadiria (kwa mfano wetu 6,200), wa 5 ni ulichokwisha kulipa au kukatwa (4,900, usichanganye humo hela unayotuma na fomu hii), wa 6 ni kinachobaki (1,300), wa 7 ni unacholipa sasa. Kama mstari wa 4 unategemea utakuwa sifuri andika sifuri, usiache wazi. Mstari wa 8 na 9 ni visanduku vya watu walioko nje ya nchi na baadhi ya wageni wasio wakazi, nitavigusa. Sahihi haitakiwi.

Njia za kuituma ziko tatu na mimi ningekushauri ya kwanza kama unadaiwa. Ya kwanza ni kulipa tu. Unaingia irs.gov kwenye Direct Pay au kwenye akaunti yako ya IRS, unachagua kwamba sababu ya malipo ni kuongezewa muda, unalipa kutoka benki, basi, hapo fomu 4868 huhitaji kuijaza tena, malipo yenyewe yanahesabika kama maombi. Angalia vitu viwili kwenye skrini. Kwanza mwaka: unalipia mwaka wa kodi uliopita, sio huu tuliomo, ukilipa Aprili 2026 mwaka wa kuchagua ni 2025. Pili sababu, ukichagua kitu kingine mfano malipo ya makadirio ya robo mwaka, hela itaenda lakini muda hujaomba. Direct Pay hawakutozi chochote, ukitumia kadi kuna ada ya kampuni inayopokea malipo. Ila Direct Pay inakutambua kwa kutumia taarifa za ritani ya mwaka wa nyuma, jina, anwani, hali ya ndoa uliyofailia, kwa hiyo kama umehama tangu wakati huo weka anwani ya zamani iliyokuwa kwenye ritani unayoitumia kujitambulisha, na kama ndio mwaka wako wa kwanza kufaili Marekani tumia njia nyingine hapo chini. Ukimaliza utapewa namba ya uthibitisho, ipige skrinshoti uitunze.

Ya pili ni kuituma fomu yenyewe mtandaoni kupitia Free File ya IRS. Ritani ya bure ya Free File ina kikomo cha kipato lakini kuomba muda hakuna kikomo, awe na kipato chochote anaweza. Hii inawafaa zaidi wasiodaiwa kitu au wasio na hela ya kulipa kwa sasa. Na hapa niseme, wapo watu mtaani wanaotoza hela kuombea watu muda kama vile ni kazi ya mwanasheria. Ni bure jamani. Kama bado unataka mtu akufanyie sawa, lakini usiridhike na neno lake kwamba tayari nimekuombea, mwambie akuoneshe uthibitisho kwamba IRS wameipokea na kuikubali, maana faini ikija inakuja kwa jina lako.

Ya tatu ni posta. Unaprinti fomu, unajaza, unatuma kwenye anwani inayotegemea jimbo unaloishi na kama umeweka cheki au hapana, orodha iko kwenye maelekezo ya fomu yenyewe. Cheki iandikwe kwa United States Treasury, na juu yake weka namba yako ya Social, simu ya mchana, mwaka wa kodi na neno Form 4868, usiibane na fomu kwa pini. Kinachohesabika ni tarehe ya muhuri wa posta, ikigongwa tarehe 15 iko ndani ya muda hata kama itafika wiki inayofuata. Kutumbukiza kwenye boksi la mtaani saa tatu usiku tarehe 15 ni kujitafutia matatizo, boksi hilo litafunguliwa kesho yake na muhuri utakuwa wa kesho. Nenda dirishani uombe barua ya rejista yenye risiti.

Kuna ambao hawana haja ya kuhangaika hivi. Kama una uhakika wewe ndiye unayewadai IRS, yaani unategemea kurudishiwa, faini ya kuchelewa haikuhusu kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi ambayo haijalipwa na wewe huna, una miaka 3 ya kwenda kuidai hela yako kabla haijapotea. Hata hivyo mimi ningeomba tu, kwa sababu huo uhakika wa kurudishiwa mara nyingi unakuja kuvunjwa na 1099 iliyochelewa. Raia na wakazi wa kikodi ambao Aprili 15 inawakuta wanaishi na kufanya kazi nje ya Marekani, tuseme umehamia nyumbani Afrika Mashariki unafanya kazi huko, wanapata miezi 2 yenyewe tu mpaka Juni 15 bila kujaza kitu, wanaambatanisha maelezo kwenye ritani, ila riba inaanza Aprili 15 kama kawaida. Wakitaka kufika Oktoba wanatuma 4868 kabla ya hiyo Juni wakiweka alama mstari wa 8. Kwenda likizo kumsalimia mama hakuhesabiki, lazima makazi na kazi viwe huko. Wageni wasio wakazi wanaotumia 1040-NR (ritani yao), wanafunzi wengi wa viza ya F-1 wako humu, inategemea kama walikuwa na mshahara unaokatwa kodi: wenye mshahara tarehe yao ni Aprili 15, wasio na mshahara huo tarehe yao ni Juni 15 na nyongeza inawafikisha Desemba 15, kisanduku chao ni mstari wa 9. Na maeneo yaliyopigwa na vimbunga, moto au mafuriko IRS huwa wanatangaza wenyewe tarehe mpya, angalia irs.gov kabla ya kujaza.

Jimbo lako sasa. 4868 ni ya serikali kuu peke yake na kila jimbo lina utaratibu wake. Texas, Florida na Washington hawatozi kodi ya mshahara kwa hiyo hapo hakuna cha kuomba. California na Minnesota wanakupa miezi 6 yenyewe bila fomu yoyote, New York wana fomu yao IT-370 na lazima uitume. Baadhi ya majimbo mengine yanaikubali ile ya IRS. Lakini kote huko sheria ya hela ni moja, kodi ya jimbo inadaiwa tarehe ile ile ya mwanzo. Ingia tovuti ya idara ya kodi ya jimbo lako utafute neno extension, ni dakika tano.

Vipo pia vitu vinavyobaki Aprili 15 hata ukiongezewa muda. Kuweka hela kwenye IRA (akiba ya uzeeni) ya mwaka uliopita, mwisho ni siku hiyo hiyo, HSA (akiba ya matibabu) pia. Malipo ya makadirio ya robo ya kwanza ya mwaka mpya kwa waliojiajiri nayo ni Aprili 15, hii inauma maana unalipia mwaka jana na mwaka huu kwa mpigo, jipange mapema. Na kama una akaunti benki za nje ambazo jumla yake ilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, ile ripoti ya akaunti za nje, FBAR, inatumwa kwa FinCEN (kitengo cha Wizara ya Fedha) kivyake, tarehe yake ni Aprili 15 ila inasogea yenyewe mpaka Oktoba 15 bila kuomba. Watu wenye akaunti ya kujengea nyumba huko nyumbani, hii inawahusu, usiiruke.

Jambo la uhamiaji huwa linaulizwa sana kwa sauti ya chini. Kuomba muda ni haki iliyo kwenye utaratibu, ukiwa ndani ya muda wa nyongeza hujachelewa kufaili. Tofauti ni deni, fomu ya kuomba uraia inauliza kama una kodi iliyopitiliza muda wa kulipwa, na nimeshasema deni haliongezewi muda. Kwa wanaomfanyia mtu udhamini wa I-864 (fomu ya kuahidi kumtunza ndugu anayeombewa makazi), pale wanataka ritani ya mwaka wa karibuni, kwa hiyo kama kesi ya mke au mzazi iko njiani usingoje Oktoba, faili mara tu karatasi zikikamilika, maana muda wa nyongeza unaweza kuukatisha siku yoyote.

Ukishatuma usisubiri barua ya hongera, hawaandiki. IRS wanakutafuta tu kama wamekataa. Kwa aliyetuma mtandaoni programu itakuonesha imekubaliwa au imekataliwa, na ikikataliwa mara nyingi ni jina na namba ya Social havilingani au tarehe ya kuzaliwa imekosewa, unayo siku 5 za kusahihisha na kuituma tena ikahesabika ya wakati. Kwa hiyo siku inayofuata fungua barua pepe uangalie, usitume saa tano usiku ukaenda kulala wiki nzima. Hela ikiwa haijatosha unaweza kuomba mpango wa kulipa kidogo kidogo kwenye irs.gov, na ukiwa umefaili ndani ya muda ile faini ya 0.5 inashuka kuwa 0.25 kwa mwezi wakati mpango unaendelea.

Oktoba 15 ndio mwisho, ukiondoa wachache walioko nje hakuna nyongeza ya pili, kwa hiyo weka alamu ya Septemba kwenye simu. Na siku ya kujaza ritani yenyewe kumbuka ile hela uliyotuma Aprili, haijiandiki yenyewe: inaingia Schedule 3 (karatasi ya ziada ya ritani) mstari wa 10, malipo yaliyotumwa na maombi ya muda. Programu itakuuliza ila swali limefichwa chini chini na wengi wanabonyeza tu endelea, ndipo hesabu inakuja na deni lote upya kana kwamba hujawahi kulipa. Ndio maana ile skrinshoti ya namba ya uthibitisho nilisema uitunze, tarehe na kiasi cha kuandika vinatoka humo.